Leo Wewe Shika Kofia

Milango ya behewa la tatu la treni ya D, treni ya chini ya ardhi, ilikuwa karibu kufungwa, asubuhi moja ya Machi katika kituo cha Mtaa wa 125, watu wawili walipoingia kwa milango miwili wakiwa na nia moja.

Kwa mlango wa mbele aliingia Xiomara Tenesaca. Alivaa koti la rangi ya haradali na buti nyekundu, nywele zake zimesukwa msuko mmoja mnene uliofika kiunoni, na kifuani amefunga kodiani kubwa kama mtoto anayebebwa kwa mbele. Kwa mlango wa nyuma aliingia Jamir Boddie, mrefu, mwembamba, suti ya michezo ya kijivu na viatu vyeupe visivyo na doa. Nyuma yake alikuwa rafiki yake Kelvon, amekumbatia spika.

"Saa ngapi hii, jamani?" Jamir akaita.

"Saa ya shoo," Kelvon akaitikia.

Sekunde hiyohiyo kodiani ikavuta pumzi.

Wanaofanya kazi kwenye treni wana sheria yao isiyoandikwa popote: behewa moja, shoo moja. Aliyeanza ndiye mwenye behewa, na mwingine hushuka kituo kinachofuata akatafute lake. Lakini treni ya D ikishatoka Mtaa wa 125 haisimami mpaka Mtaa wa 59. Ni dakika saba hivi za watu wasioweza kushuka, na ndiyo maana kila mcheza dansi na kila mpiga muziki anaipenda sehemu ile. Milango ikafungwa.

"Dada, nimeanza mimi," Jamir akasema.

"Wewe umeanza kuuliza saa. Mimi nimeanza kazi."

"Kuuliza saa ndiyo kazi yenyewe. Wacheza dansi wote wa treni huanza hivyo."

"Basi nunua saa, utulie."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akashusha gazeti lake. "Dada ndiye alianza," akasema. "Nilisikia kodiani kwanza."

"Mimi sikusikia lolote," akasema mama mmoja mwenye kigari cha sokoni, "lakini msichana amebeba mzigo mzito. Mwacheni apige."

Kelvon akazima spika. Jamir akaweka mkono kifuani na kuinama kidogo. "Behewa ni lako, Bibi Kodiani. Sisi tunasikiliza."

Xiomara akapiga wimbo wa harusi wa kwao milimani, Ekuado, wimbo wa mwendo wa haraka unaopanda na kushuka kama mtu anayekimbia ngazi. Jamir alisikiliza kwa adabu kama nusu dakika. Kisha mguu mmoja ukaanza, na wa pili ukaufuata. Alijaribu kuituliza miguu yake kwa kushika nguzo, lakini mabega nayo yakaingia. Yule mama akavuta kigari chake chini ya magoti ili Jamir apate nafasi, naye akacheza papo hapo, bila kumgusa mtu, mpaka treni ikaanza kupunguza mwendo.

"Muziki wako una haraka," alimwambia wakishuka. "Unaogopa kuachwa?"

"Na miguu yako ina maswali mengi kuliko mdomo."

"Inauliza namba ya simu."

"Iambie niko Mtaa wa 125 kila siku saa nne."

Kesho yake saa nne kasorobo Jamir alikuwa pale, na viatu vilikuwa vyeupe zaidi.

Wiki ya tatu wakawa wanafanya kazi pamoja, na kupigiana simu ikawa kazi ya pili. Simu zenyewe zilikatika kila treni ilipozama handakini, hivyo wakajifunza kusema mambo mazuri upesi.

"Jana ulikuwa unasemaje?" Xiomara alimuuliza siku moja. "Ulisema 'nakup', halafu ukakatika."

"Nakupigia baadaye."

"Muongo wewe."

"Kama unajua, unaniuliza ya nini?"

Watu waliwapenda. Doña Rosaura, aliyeuza churro pale kituoni, unga ule mtamu wa kukaangwa, aliwafungia mbili kwenye taulo zisipoe. Kondakta mmoja wa kike mwenye miwani, akiiona kodiani inakuja mbio ngazini, alichelewesha milango kidogo na kutazama pembeni kama mtu asiyejua anachofanya.

Jamir alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kwa wachezaji wa treni huo ni uzee, maana wengi huacha mapema kuliko hapo. Yeye bado alining'inia kichwa chini kwenye nguzo, akajizungusha na kutua katikati ya miguu ya abiria bila kukanyaga kidole. Alishafungwa pingu mara mbili, kwa kuwa kucheza ndani ya behewa kumekatazwa. Ndiyo maana Xiomara alipomletea tangazo la ofisi ya treni alilisoma mara tatu. Ofisi ilikuwa inaita wasanii waje wapimwe kwenye ukumbi wa kituo kikubwa, dakika tano kila kundi. Watakaofaulu wangepewa mahali pao vituoni na bango lenye majina yao, na hakuna askari ambaye angewagusa.

"Twende wawili," Xiomara alisema. "Kodiani na mchezaji. Hawajawahi kuona."

"Wakicheka?"

"Wakicheka wamefurahi."

Wakajaza fomu. Wakapangiwa Jumanne ya pili ya Aprili.

Kitu ambacho Jamir hakusema ni kwamba alishakwenda kwa daktari. Gegedu la goti la kushoto lilikuwa limechanika. Aliambiwa asiruke tena mpaka afanyiwe upasuaji, na hata baada ya hapo asitegemee kuruka kama zamani. Hakumwambia Xiomara, wala Kelvon, wala mama yake aliyekuwa akiishi naye. Kila jioni alinunua barafu duka la kona. Mwenye duka, Myemeni mpole aitwaye Abdo, akaanza kumwekea mfuko tayari kabla hajaomba, na hakuuliza goti la nani.

Lakini mpiga kodiani hatazami vidole vyake. Mikono inajua njia, macho yako huru, na macho ya Xiomara yalikuwa kwa Jamir. Aliona kwamba siku hizi anatua kwa mguu mmoja.

Alhamisi, siku tano kabla ya kupimwa, Xiomara alimkuta baba yake jikoni kwao, mtaa wa Corona. Don Segundo alikuwa amepiga gitaa kwenye treni miaka ishirini na miwili, yeye na kaka zake wawili, na nyuma ya mlango bado ilining'inia kofia nyeusi waliyokuwa wakipitisha kwa abiria. Hakuna mtu wa nje aliyewahi kuishika. Katika familia ile anayeshika kofia ndiye anayeaminiwa na nyumba nzima. Mama yake Xiomara, akingali msichana, alipewa kofia hiyo mbele ya behewa lililojaa watu. Haikuwepo pete wala barua. Alipoipokea, kila mtu alijua kwamba ameshakuwa wa kwao.

"Baba, naomba kofia."

"Ya nini?"

"Nataka kumpa mtu ashike."

Don Segundo akaweka chini kikombe chake cha morocho, kile kinywaji cha mahindi na maziwa. "Yule mwenye viatu vyeupe?"

"Huyo."

"Visafi mno vile kwa mtu anayefanya kazi."

"Anavisugua kwa mswaki, baba."

"Basi ana subira," mzee akasema. "Chukua."

Ijumaa mchana, treni ya D, behewa limejaa. Jamir alijizungusha kwenye nguzo na kutua, na Xiomara akamwona akiuma meno huku akitabasamu. Alikuwa amepanga kungoja mwisho wa wimbo. Moyo ukamwambia asingoje. Akaacha kupiga, akatoa kofia kwenye mkoba, akamnyooshea kwa mikono miwili, uso unamwaka.

"Jamir," alisema, "leo wewe shika kofia."

Kelvon akainama na kuanza kushughulika na waya wa spika ambao haukuwa na tatizo lolote.

Kwa wachezaji maneno hayo ni maneno mengine kabisa. Hakuna anayemwambia mwenzake kwamba amekwisha, kwa sababu ni kumvunja mtu. Husema tu, leo wewe shika kofia. Aliyeambiwa hivyo huizungusha siku mbili tatu, halafu haonekani tena. Jamir mwenyewe aliwahi kumwambia hivyo mtu aliyemfundisha kuruka.

Aliipokea. Akapita nayo behewa zima, akimshukuru kila mtu kwa sauti ya upole. Treni iliposimama Mtaa wa 59 alimrudishia Xiomara kofia mkononi, akashuka, hakugeuka.

Xiomara alimpigia mara tano. Jioni ujumbe ukaja: "Nimeelewa. Asante kwa yote. Jumanne kila la heri."

"Alisemaje?" Don Segundo aliuliza.

"Amesema ameelewa."

"Na?"

"Na kofia hii hapa."

Mzee aliipangusa kofia kwa kiganja, akairudisha nyuma ya mlango, kisha akamenya chungwa, akalitenganisha pande zote na kumwekea binti yake kwenye sahani. Akakaa naye mpaka akala pande mbili.

Jumamosi Xiomara alipiga peke yake, na Jumapili hakutoka. Jumatatu alimkuta Kelvon Mtaa wa 125, amesimama karibu na beseni la Doña Rosaura.

"Bibi Kodiani," Kelvon alisema, bila utani wake wa siku zote. "Ungemwita pembeni."

"Nimwite pembeni kwa lipi?"

"Jambo kama lile humfanyii mtu mbele ya watu."

"Kwetu lazima iwe mbele ya watu. Pembeni haihesabiki."

"Basi kwenu mna roho ngumu."

"Roho ngumu? Kelvon, mimi ndiye niliyekataliwa. Nimerudishiwa kofia kama chenji."

"Umekataliwa na nani? Wewe ndiye umemfukuza mtu wa watu."

"Nimemfukuza saa ngapi?"

Doña Rosaura alikuwa anafungia mteja churro. Akaufunga mfuko, akampa, akamtakia siku njema, ndipo akageuka. "Ngojeni kwanza. Nyinyi wawili mnagombana juu ya kofia moja?"

"Kofia ya baba yangu," Xiomara akasema.

"Haya. Kwenu, kijana, mtu akiambiwa ashike kofia, maana yake nini?"

"Maana yake amekwisha. Aende nyumbani."

"Na kwenu, binti?"

Xiomara alikuwa ameanza kuona. "Maana yake aje nyumbani," akasema.

Kelvon akakaa juu ya spika taratibu. "Mungu wangu," akasema. "Jamir ameposwa na hana habari."

"Simu yake haipatikani tangu jana," Xiomara akasema. "Anakaa wapi hasa?"

"Nitakuandikia. Lakini usimwambie nimekupa, atasema sina siri."

"Kwani unayo?" Doña Rosaura akamuuliza. Akamfungulia Xiomara kamba za kodiani mabegani, akaiweka nyuma ya kiti chake na kuifunika kwa shali yake mwenyewe. "Nenda. Hii haiguswi na mtu mpaka urudi." Akamtilia churro nne kwenye mfuko. "Mbili za mama mtu. Usiingie nyumba ya watu mikono mitupu."

Xiomara akavuka mji kwa basi, akapanda treni ya 6 mpaka Soundview, Bronx, akapanda ghorofa nne kwa miguu. Mlango ulifunguliwa na Bi Lavonne, mama yake Jamir, amevaa sare yake ya kutunzia wagonjwa, karibu kwenda kazini.

"Wewe ndiye wa kodiani?"

"Ndiye mimi, mama. Samahani kwa kuja bila taarifa."

"Amekaa hapo tangu Ijumaa kama kabati. Pita, mwanangu. Hizo churro ni zangu?"

"Mbili."

"Umelelewa vizuri." Akaingia jikoni nazo.

Jamir alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, mfuko wa barafu gotini. Alitaka kuuficha akachelewa.

"Umefuata nini?" akauliza.

"Jibu."

"Nilikuandikia."

"Uliandika umeelewa. Umeelewa nini?"

"Kwamba nimekwisha. Na hukukosea." Akainua barafu, goti likaonekana limevimba. "Gegedu limechanika. Nimelijua wiki tatu sasa, sikumwambia mtu. Halafu wewe ukaliona. Sikukasirika kwa sababu umesema uongo, Xiomara. Nilikasirika kwa sababu umeona."

"Niliona, ndiyo. Na nilitaka ushike kofia upumzike, sitakudanganya. Lakini hicho kilikuwa kidogo. Kikubwa kilikuwa kingine."

Akamweleza. Alimweleza habari ya mama yake akiwa msichana, ya kofia nyuma ya mlango, na ya baba aliyesema chukua. Jamir alisikiliza mdomo wazi. Jikoni maji yaliyokuwa yakimwagika yakanyamaza.

"Mama, unatusikiliza?"

"Nipo kwangu, naosha vyombo."

"Maji umefunga."

"Naosha bila maji. Endeleeni."

Jamir akajifunika uso kwa mikono. "Yaani mbele ya behewa zima."

"Zima."

"Na mimi nikakurudishia."

"Ukashuka Mtaa wa 59 kama mtu aliyepitwa na kituo chake."

"Naomba radhi."

"Omba vizuri."

Akashusha mikono. Macho yalikuwa na maji. "Nisamehe, mpenzi wangu. Ulinifungulia mlango, mimi nikadhani unanionyesha pa kutokea. Asante kwa kuja. Asante kwa kupanda zile ngazi. Lakini kesho ndiyo Jumanne na siwezi kuruka. Ukisimama na mimi utaikosa nafasi yako. Nenda peke yako, utafaulu."

"Mikono nayo imechanika?"

"Hapana."

"Mabega?"

"Hapana."

"Shingo, kiuno, kichwa?"

"Kichwa kidogo."

"Basi tumebakiwa na mtu mwingi," Xiomara akasema. Akamsogezea mfuko wa barafu mahali pake na kukaa chini karibu na stuli. Wakapanga dakika tano zao pale pale, yeye akiimba sehemu ya kodiani kwa mdomo. Bi Lavonne akachelewa kazini dakika kumi, akisema anatafuta funguo zilizokuwa mkononi mwake.

Jumanne ukumbi wa kituo kikubwa ulijaa wapiga fidla, waimbaji, na mzee mmoja mwenye ndoo za kupigia ngoma. Majina yao yalipoitwa Jamir alitoka polepole, akachagua kigae kimoja cha sakafu na kusimama juu yake. Xiomara akaanza taratibu kuliko alivyowahi kuupiga wimbo ule. Jamir hakutoka kwenye kigae. Alicheza kwa mikono, mabega na shingo, vidole vikifuata kila kibonyezo cha kodiani kana kwamba ni yeye anayeibonyeza kutoka mbali. Watu waliokuwa wanawahi treni zao wakasimama na mizigo yao. Kelvon, pale nyuma, alimshika Doña Rosaura mkono, na Doña Rosaura, aliyefunga biashara siku nzima, akamwacha aushike.

Mmoja wa waamuzi, mama mwenye shali ya kijani, akauliza, "Kwa nini hukutoka hapo ulipo?"

"Goti langu bovu, mama," Jamir akajibu. "Lakini hapa palinitosha."

Mama akaandika kitu, kisha akamwambia mtu amletee kijana yule kiti.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Walikuwa wamefaulu wote wawili, kwa jina moja. Jamir hakumpigia mtu simu kwanza. Alichechemea mpaka kwa Abdo, akamsomea barua mwanzo mpaka mwisho, akamshukuru kwa barafu. Abdo akamwambia barafu ni maji tu, kisha akageukia rafu na kupanga upya makopo yaliyokuwa yamepangika.

Upasuaji ulikuwa mwezi Mei, asubuhi. Bi Lavonne alikuja, Don Segundo alikuja na chungwa mfukoni, na Xiomara alikuja na buti zake nyekundu. Muuguzi alipita na fomu kitandani kwa Jamir, akamgeukia msichana.

"Na wewe ni nani wake?"

"Mchumba wake," Xiomara akasema.

Jamir akainua kichwa kutoka kwenye mto. Gauni la hospitali lilikuwa fupi kwake, na bila viatu vyake vyeupe alionekana mdogo kuliko miaka yake. "Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa ile kwenye treni ya D. Mashahidi ni behewa zima. Wewe tu ulikuwa hujafika."

Muuguzi akamtazama Jamir, kalamu hewani. "Niandike?"

"Aandike kwa herufi kubwa," akasema Bi Lavonne, "miwani nimeiacha nyumbani."

Wakaja kusukuma kitanda. Jamir alimshika Xiomara mkono mpaka kwenye milango ile ya mwisho, ambapo wenye afya hawaruhusiwi kupita, na hapo msukuma kitanda, bila kuombwa, akasimama kidogo kama anayekagua magurudumu.

"Nimefika," Jamir akamwambia. "Asante kwa kunisubiri."